Kisigino cha Nyevu

Bi Swabra anatoa kipimo chake cha plastiki,
vijiti viwili vilivyoshikana kwa pini moja.
Kimoja anakilaza juu ya muundi wa mwanangu,
cha pili kwenye ukingo wa wayo,
na kifundo cha mguu kinalazimika kusema kweli.

Kumi na mbili chini ya sufuri.
Mwaka jana, mwezi kama huu, ilikuwa nane.

Sisemi kitu. Natazama ukuta wa kliniki,
bango la chanjo limebanduka pembe moja.
Nahesabu asubuhi zangu:
maji ya vuguvugu kwenye beseni, goti limenyooshwa,
kisigino kiganjani, wayo umeegemea mkono wangu,
nasukuma polepole mpaka thelathini.
Nyevu anahesabu nami. Anairuka saba
kwa sababu saba haipendi.
Hata siku ya matanga ya mamangu
nilimnyoosha kwanza, ndipo nikaenda kulia.
Na bado nne zimepotea.
Zimekwenda wapi?

Bi Swabra anampaka jeli baridi kwenye shavu la mguu.
Nyevu anacheka, na kwake kucheka ni kwa mwili mzima:
mikono inaruka, shingo inageuka,
magoti yanabanana kama watu waliosikia siri.
Tunangoja mwili utulie.
Halafu kwenye kioo cha mashine, kijivu na weusi,
mistari mingi imelala mshazari
ikiegemea uti mmoja.

Mimi ni mshona makuti wa Muyeye,
mwaka wa kumi na nne huu, vidole vyangu mashahidi.
"Huu ni ukuti," nikasema.
Akanitazama, akakitazama kioo.
"Ndio, mama Nyevu. Ni ukuti.
Ila chane zake fupi."

Akanieleza bila haraka, foleni ikikohoa nje.
Mfupa unarefuka, haumngoji mtu.
Msuli unatakiwa uufuate,
lakini wa Nyevu hauongezi nyuzi upesi;
zilizopo zinavutwa mpaka ukomo,
na katikati yao panajaa kitu kigumu, kama kumbi.
Jeraha liko kichwani, tangu siku ile ya kuzaliwa,
wala halikui.
Mguu ndio unaokua na habari zake.

"Kwa hiyo si mkono wangu?"
"Si mkono wako. Amerefuka sentimita sita."

Sita!
Na mimi nilimgombeza fundi kwa gauni la Idi,
nikamwambia ameiba kitambaa.

Hapo Nyevu akakitaka kipimo.
Akakishika kwa ule mkono unaofunguka kidole kimoja kimoja.
Kikaanguka. Kikaanguka tena.
Mara ya tatu kikatua kwenye kifundo changu,
kilichovimba kwa kukaa mkao mmoja juu ya kibao,
akainama kama Bi Swabra, akakunja uso kama Bi Swabra.
"Saba," akasema.
Ile asiyoipenda.
Bi Swabra akaiandika kwenye kadi, kwa kalamu nyekundu.

Sasa tuko nyumbani. Makuti yameloweka kwenye pipa;
kuti kavu ukilikunja kwa hasira linapasuka
na hasara ni yako.
Nyevu anataka kusimama penye rundo, anikabidhi fito.
Anasimama kwa ncha za vidole,
kisigino kinaning'inia, hakiijui ardhi.
Nachukua kuti bovu, nalikunja mara mbili, mara tatu,
nalisukuma chini ya kisigino
mpaka pengo likajaa.
Akatua. Nikaona paja likiacha kutetemeka.

"Lete ufito," nikamwambia.
Mwenye banda anataka makuti arubaini Ijumaa,
nasi tumeshona kumi na moja.