Onja

Mama Chedego aliniuliza
nikimtolea kopi ya ombi la dhamana
lililokwisha kukataliwa mara mbili.
"Wewe unayechapa maneno ya mahakama,
mahabusu na mfungwa wanapishana wapi?
Mimi naona Isanga ni ileile,
ukuta uleule,
na askari wa getini ni yuleyule mwenye kikohozi."

Nikamjibu kama karatasi zinavyojibu:
mahabusu hajahukumiwa,
mfungwa amehukumiwa.
Mtaani wote tunawatia jela,
bango limeandika Gereza,
sheria ndiyo inayowatenganisha.
Akanitazama
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Tangu uwele ulipofika magotini,
ukavunwa, ukapurwa,
ukapandwa mwingine nao ukavunwa,
Chedego aliletwa kizimbani kila baada ya siku kumi na nne
kusikiliza maneno mawili:
upelelezi haujakamilika.
Wale ng'ombe wanne wa mnada wa Kigwe
wamekwisha kuliwa,
ngozi zao zimekwisha kuwambwa,
upelelezi bado unatembea kwa miguu
na njiani unasalimia kila nyumba.

Ndani, alimwambia mama yake kupitia wavu,
mahabusu tunavaa nguo tulizokamatwa nazo.
(Shati lake la bluu lilikuwa limebaki kola na vifungo.)
Tunalala ubavu,
akigeuka mmoja tunageuka sote.
Wafungwa hutoka alfajiri na majembe,
jioni wanarudi na vumbi na habari:
zabibu zimeanza kuiva,
upepo umeezua bati la zahanati.
Mama, nawaonea wivu.
Wana tarehe.
Mwenzangu akikata siku moja, imepungua.
Mimi nikiikata, kesho nakuta imechipua.

Na kila Jumamosi mama
na hotipoti yake ya kijani,
ugali wa uwele, mlenda, siku nyingine samaki wa Mtera.
Kabla kifuniko hakijavuka geti
askari anakohoa, anasema:
"Onja."
Naye anamega pembeni, tonge dogo la woga,
anameza haraka mbele ya watu
kama mama anayeshukiwa sumu.
Miezi kumi na tisa aliionja hivyo,
na hotipoti ikarudi imelambwa.

Mara ya arobaini na moja kusimama pale
Chedego hakungoja yale maneno mawili.
Alisema: ni kweli, niliiba.
Karani akaacha kalamu hewani.
Kama aliiba sijui,
na mimi ndiye niliyechapa kila barua yake.
Ninalojua ni kwamba alikuwa amechoka.
Miaka mitano.
Wanasema alipofungwa pingu
alicheka kidogo,
akauliza leo ni tarehe ngapi.

Jumamosi iliyofuata mama alikwenda kama kawaida.
Askari alikohoa.
Hakusema onja.
Alisema, tena kwa upole,
"Mama, huyu sasa ni mfungwa. Serikali inamlisha.
Rudi na hicho chakula."
Akamwonyesha kwa kidevu
kundi la nguo za rangi ya chungwa
likivuka kwenda bustanini,
migongo kumi na tano, yote mmoja.
Alitafuta shati la bluu.

Akaja kuketi barazani kwangu,
hotipoti mapajani, bado ina joto.
Nilifunga mashine.
Nilikuwa na jibu zuri zaidi siku hiyo,
nimelitafuta kwenye vitabu vya wakili,
lina vifungu na vifungu vidogo.
Nikalimeza.

Akafungua kifuniko.
Akamega tonge, la ukubwa wa tonge,
akachovya, akatafuna taratibu,
akatazama barabara.

"Chumvi imezidi," akasema.
Akamega jingine.
"Miezi kumi na tisa,
na hakuniambia."