Asilimia Tisa

Harusi ya Zamaradi wa Mbagala
ina gigabaiti kumi na moja:
vigelegele, keki ya ghorofa tano,
mjomba aliyelia kabla hajakabidhiwa maiki.
Nimeikata, nimeiunga, nimeipaka rangi,
na tangu adhana ya alfajiri
imekwama njiani, asilimia tisa.

Bibi harusi kapiga simu mara nne.
"Dada Tunu, wakwe wanauliza."
"Inapanda, mdogo wangu," namjibu,
kama yule asemaye nimeshafika Buguruni
na taulo bado liko kiunoni.

Nalipia hamsini. Napata tatu.

Nilianza na lawama, ndiyo desturi.
Binti wa huduma kwa wateja akaniambia
zima, hesabu thelathini, washa.
Nikazima. Nikahesabu. Nikawasha.
Tatu.
Nikaulaumu mkongo wa baharini,
maana hapa Segerea chochote kikichelewa
hakosekani wa kukwambia papa kauma waya.
Nikaifungua kompyuta ubavu,
nikaifuta vumbi kwa brashi ya poda.
Tatu, na chafya.

Ndipo nikapima kwa simu, pale pale mezani:
arobaini na nane.
Hewani! Bila kushikwa na chochote!
Msuya, mpangaji mwenzangu, akaniazima laptopu;
nikaichomeka waya ule ule,
nayo ikapooza.
Basi mto umejaa, nikasema,
mfereji ndio ulioziba.

Nikapiga magoti, nikaufuata kwa vidole
kutoka kisanduku cha sebuleni,
kijitaa chake kikikonyeza rangi ya chungwa,
chini ya zulia,
nyuma ya kabati la vyombo vya wageni,
kwenye kona ya mlango, polepole,
kama mtu atafutaye pigo la mshipa wa mgonjwa.
Ukaingia uvunguni.
Hapo mkono ukagoma.

Mguu wa kitanda.

Kitanda cha mninga,
fungu langu ndoa ilipogawanywa;
wanaume wanne walikiingiza wakihema.
Aprili, paa lilipovuja juu ya mto,
nilikisukuma peke yangu, usiku, kwa mgongo,
nikajisifu.
Wiki sita nimeulalia waya wangu mwenyewe.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema.
Changu kilikuwa chini ya godoro,
nami juu yake, nikiisonya kampuni.

Nikauviringisha waya, nikapanda bajaji hadi Kariakoo.
Pazi wa Mtaa wa Aggrey hakucheka.
Akauchuna kwa wembe, akanionyesha
nyuzi nane, zimesokotana mbili mbili.
"Wa kahawia umekufa. Wa kijani umebaki unywele.
Unachotuma kinaanguka, kinatumwa tena,
kinaanguka tena. Kompyuta yako si mvivu, dada.
Inarudia rudia tu."
Sijui kwa nini maneno hayo yalinikaa kooni.

"Tukate hapa, tuvishe kichwa kipya.
Utapungukiwa mita tatu. Utasogeza meza."
Akaniachia nizipange mwenyewe,
nikikariri nyuma yake kama mtoto wa chuoni:
chungwa-mweupe, chungwa,
kijani-mweupe, buluu,
buluu-mweupe, kijani,
kahawia-mweupe, kahawia.
Koleo likabana. Tak.

Saa kumi jioni kijitaa kikageuka kijani.
Arobaini na tisa.
Mjomba akapita na machozi yake,
keki ikapita ghorofa zote tano,
na Zamaradi akajibu kwa mioyo kumi na miwili
na neno moja: "Hatimaye!"

Sasa meza yangu, kwa ufupi wa waya,
imesimama pale pale kilipotoka kitanda.
Nimetazama juu: doa la maji, la ukubwa wa sinia.
Mawingu yanajikusanya upande wa Pugu.
Natafuta ndoo.