Ufagio

Dada hakuvaa viatu ndani.
Alivishika kwa kamba zake, kama samaki wawili,
akashuka ghorofa tano kwa soksi za sufi
akiiruka ngazi ya saba, ile inayolia.
Hiyo alinifundisha yeye. Na mengine:
kwamba baba wa kambo akivua saa ya mkononi
akaiweka polepole juu ya friji,
niende bafuni, nifungulie maji mpaka mwisho,
nihesabu kwa Kirusi
kwa kuwa Kirusi kinanichelewesha.

Nilikuwa macho. Mkono wake ulipapasa mto wangu
ukaacha ufunguo wa baiskeli
isiyo na gurudumu la mbele.
Nikajifanya nakoroma.
Nadhani alijua. Sijawahi kukoroma.

Theluji ya kwanza ilianguka jioni, ikakoma.
Uani hapakuwa na aliyekanyaga.
Kutoka dirishani nilimwona Dagnija akiketi benchini kuvaa viatu,
makoti mawili mwilini, mnene ghafla kama shangazi Velta,
kisha akaenda bila kugeuka
na miguu ikaandika nyuma yake, herufi kubwa kubwa,
yote aliyokusudia kuyaficha:
kupita mapipa ya taka, kupita gereji,
kushoto, njia ya stesheni,
treni ya Riga, saa kumi na moja alfajiri.

Alifikiria ngazi. Alifikiria nauli, mkate, chaja.
Hakufikiria theluji.

Nyuma ya mlango wa chini, mzee Pjotrs huegemeza ufagio.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, pajama ndani ya buti.
Nikaanzia benchini. Nikamfagia dada yangu
unyayo mmoja, unyayo mwingine,
kisha, ili usibaki mstari mmoja wa kusema ukweli,
nikafagia vijia vyote: cha dukani, cha shuleni,
mpaka mlangoni kwa bibi Zenta
aliyefungua dirisha akasema
mtoto mwenye adabu hivi, mama yake amebarikiwa.

Saa moja alishuka yeye. Mkono hauna saa.
Akatazama njia safi, zinakwenda kila upande.
Akanitazama. Akatazama ufagio.
Kiganja changu kilikuwa kimepasuka, nikakikunja.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Yetu, ufagio.

Shuleni waliuliza mara mbili.
Mama bado ananunua mtindi wa cheri
ambao hakuna mwingine anayeula;
unachacha, anautupa, ananunua mwingine.
Machi simu ililia. Hakuna aliyesema.
Nyuma yake tangazo la treni, lugha nisiyoijua,
na mtu anapumua.
Nikahesabu kwa Kirusi. Nilifika arobaini na mbili ikakatika.

Sasa navaa namba thelathini na tisa, kama yeye.
Ngazi ya nne nayo imeanza kulia.
Juzi saa iliwekwa juu ya friji
na sikwenda bafuni; nilibaki nimesimama
kati yake na mama, nikaona jinsi nilivyorefuka,
na yeye akaona.

Nikiondoka mimi, nani atafagia?

Kila jioni nasikiliza utabiri wa hali ya hewa.
Mama anadhani nimependa sayansi.