Kipimo cha Dohani

Nilitaka kubwa. Sitaficha.
Kama lile la Wasyl wa kona,
lililokaa chini ya nyumba yake kama fahali zizini,
likila ndoo tatu za makaa ya mawe kwa siku
na kucheua joto hadi madirisha yafunguliwe Januari.
"Mwanamume," husema Wasyl, "hakopi joto."

Nikaenda kwa Burdette, duka la vyuma, Mahanoy,
nikaweka kiganja juu ya boila la mwisho katika safu,
jeusi, zito, bei yake ya kukata maini.
Burdette hakugusa kitabu cha risiti.
"Dohani yako ina upana gani?"
Sijui.
Miaka sitini na minane nimelala chini yake,
nami sijui.

Alhamisi akaja Emlyn Prosser, mfagiaji dohani,
kijana bado, masizi yamemganda kwenye nyusi.
Akapanda paani penye barafu,
akateremsha taa kwa kamba, polepole,
kama anayetafuta ndoo iliyozama kisimani.
"Inchi nane kwa nane!" akapaza sauti.
Kisha kimya. Kisha: "Hapa kwenye kiwiko, vigae vimevimba.
Sita tu.
Tena imejengwa nje ya ukuta, upepo unaichapa pande tatu.
Dohani baridi haivuti, bwana. Humeza ikatapika."

Tukashuka chini, akaketi juu ya ndoo ya majivu, akanieleza.
Moto mkubwa katika nyumba ndogo hauwaki, husinzia.
Ukisinzia, moshi hupoa.
Ukipoa, hukosa nguvu za kupanda.
Na usipopanda hurudi vyumbani bila hodi,
nao ule wa kuua hauna rangi wala harufu,
hata asubuhi jirani agonge mlango, agonge, agonge.

"Sasa tupime nyumba."
Kuta. Madirisha kumi na manne.
Pamba ya darini, ambayo panya wameigawana kama urithi.
"Wakazi wangapi?"

Penseli ikasubiri.
Mama alipika supu ya viazi vyekundu kwa watu tisa,
na boila hili bovu, baba alilinunua kwa ajili ya hao tisa,
akalishusha ngazini kwa magogo na matusi ya Kilituani.
Nikahesabu tena, kana kwamba huenda nimemsahau mtu.
"Andika mmoja."

"Chumba cha juu, chenye dirisha la mashariki?"
Cha Renata. Yuko Arizona,
huko joto linashuka bure na watu wanalikimbia.
"Kifunge," nikasema,
na penseli ikapita juu ya chumba cha binti yangu
kama inavyopita juu ya kosa la hesabu.
Chumba cha kushonea cha Dolores nikasema kibaki.
Prosser alitazama cherehani, utando wa buibui kwenye sindano,
hakuuliza. Akakiandika.

Jumla ilikuwa chini ya nusu ya boila la Wasyl.
Niliona haya, kama mtu aliyevuliwa koti mbele za watu.
Lakini mtu hujikuna ajipatapo,
na mkono wangu ulikuwa umekomea pale,
inchi sita, kwenye kiwiko.

Lililetwa na watu wawili. Kubwa lingetaka wanne.
Wasyl akaja kulitazama, akacheka hadi akakohoa:
"Hili ni la kuchemshia mayai?"
Usiku ule nje kulikuwa na baridi ya kupasua mawe.
Niliketi mbele ya kimlango chake.
Ndimi za buluu zilikimbia juu ya makaa, fupi, bila kelele,
na sindano ya kipimo cha mvuto ilisimama pale
Prosser alipoweka alama ya chaki, haikutikisika.
Ng'ambo, dirisha la Wasyl lilikuwa wazi,
pazia likipunga theluji.

Renata alipiga simu. Anakuja Krismasi, na watoto.
Nikanyamaza kidogo, nikitazama ngazi.
Chumba chako kipo, nikamwambia.
Ila mje na masweta.