Viua

Wete, baada ya tarawehe, umeme umerudi.
Mkasi kakaa mkekani, kofia gotini,
sindano inaingia, inatoka, wala haitazami.
Mimi na simu, kadi ya benki mapajani,
natafuta nyuzi za hariri, ile rangi ya maziwa
ambayo dukani Chake wanasema mpaka baada ya Idi,
na mteja anataka kofia kabla ya Idi.

Nimezipata. Bei nusu.
Juu, maandishi mekundu yanahesabu kinyumenyume:
zimebaki dakika nne, tatu na nukta kadhaa,
na moyo wangu nao mbio, kama unadaiwa.
Nimeandika jina. Nimeandika namba, nne, nne, nne, nne,
nimegeuza kadi kutafuta zile tatu ndogo za nyuma.

"Ngoja," kasema Mkasi.
Kiingereza hakijui. Skuli aliiacha darasa la tano.
Lakini miaka ishirini anahesabu viua,
na kiua kimoja kikipotea, kofia nzima hukaa upande.
Kasogeza ncha ya sindano karibu na kioo:
"Duka la juzi, hapa palikuwa na *a* moja.
Leo ziko mbili, zimebanana."

Nikatazama. Ziko mbili.

Dakika zikaisha. Hapakutokea kitu.
Zikaanza tena kutoka nne,
bila haya.

Ndipo nikamwambia la Rajabu ya mwaka jana,
ambalo hata Faki, mume wangu, halijui.
(Yeye nilimwambia kadi imepotea.)
Sauti ya kijana, laini, salamu kamili:
"Mama, mimi wa benki, kadi yako inataka kufungwa,
nisomee tu hizo namba sita zilizoingia kwenye simu."
Nikamsomea. Polepole, asikosee.
Na ahsante nikampa.
Laki tatu na elfu arubaini, pesa za mchezo,
zamu niliyoingojea miezi minane.
Chini ya namba zile zile palikuwa pameandikwa:
*Usimpe mtu yeyote.*
Sikufika huko kusoma.

Mkasi hakucheka, wala hakunipa pole.
Kakata uzi kwa meno.
"Namba umeshaziandika. Pigia benki, usiku huu huu.
Ile iliyo nyuma ya kadi, siyo iliyokupigia."
Kaichukua kadi, kaisogeza kwenye taa,
ananisomea tarakimu moja moja,
sindano juu ya kila moja,
nami nabonyeza.

Inaita.