Namba Tatu

Bao la Lubango nililiona.
Nilikuwa Kirumba, nimesimama juu ya ndoo,
mvua ikija kutoka ziwani kama inadai,
na mpira ukatoka katikati ya uwanja
ukaenda, ukaenda,
mpaka kipa akakaa chini mwenyewe.
Huu mwaka wa kumi na tisa;
pale Mabatini Lubango hajawahi kulipia supu.

Jezi yake ya siku ile sikuifua.
Aliitundika ukutani na tope lake.

Ya Malale, beki wa kushoto,
nimeifua misimu kumi na mmoja,
nikaianika juu ya jabali lile lile:
kola iliyofumuka,
majani yaliyogandia kiwikoni,
damu ya pua siku tuliyocheza na Bukoba,
hiyo ilitaka chumvi na maji baridi.
Hata chai hakununuliwa.

Mnaniuliza nani mkubwa.
Nikifumba macho namwona Lubango.
Pasi ya Malale, hata moja, siikumbuki.

Ila Jumatatu asubuhi,
beseni likiwa tupu,
vidole hivi vinaanza vyenyewe
kusugua namba tatu
hewani.