Toa Alichokula

Ghorofa ya sita, Cheyenne. Nje theluji, ndani karatasi.
Wakili wa kampuni ya malori amewasha kikokotoo:
miaka kumi na minne ya kazi iliyobaki,
zidisha kwa mshahara wa fundi bomba,
kisha toa, anasema, toa alichokuwa akila mwenyewe.

Verna Stroud anakitazama kidole kikibonyeza.

Toa mayai mawili, kingo zimeungua, ndivyo alivyopenda.
Toa achari ya matango aliyoimalizia usiku,
friji wazi, miguu peku,
akidhani mkewe amelala.

Kitabu cha dereva kinaapa alilala Rawlins saa kumi nzima.
Risiti ya dizeli inasema saa tisa usiku alikuwa macho,
akinunua vidonge vya kufukuza usingizi.
Kwa risiti hiyo fidia imepanda mara tatu.
Kwa risiti hiyo pia, kifungu cha kumi na moja:
asimwambie mtu. Hata dada yake.

Anatia sahihi. Kalamu ni yao.

Jioni anatenga sahani mbili, mazoea tu.
Anairudisha moja kabatini,
anasimama,
anaitoa.